Samaki wa mawe wa Fizi wanajaza akwariomu za Ulaya: namna ya kuwafuga nyumbani Kazimia

Asubuhi mapema, pirogi za ndagala zinarudi kwenye mwambao wa Kazimia. Akina mama wanangoja na mabeseni, na bei inaanza kubishaniwa hata taa za wavuvi hazijazimwa. Macho yote yako kwenye ndagala, mikeke na sangala. Yule samaki mdogo wa kwenye mawe, mweusi, mwenye mkanda mpana wa manjano katikati ya mwili kama amevaa mshipi, hana mnunuzi. Akikwama kwenye wavu huko Ubwari, mtoto anamchoma kwenye makala ao anamtupia bata.

Samaki huyo ana jina kubwa mbali. Wafugaji wa Ujerumani, Ubelgiji na Marekani wanamwita Tropheus wa Kiriza, na Kiriza ni kwetu Ubwari. Kuna mwenzake mwenye rangi ya chungwa kama moto wa kuni. Huyo wanamwita Bemba, kwa jina la mwambao ulio kati ya Uvira na Baraka. Mutu ambaye hajawahi kukanyaga Kivu ya Kusini, ambaye hawezi kuonyesha Fizi kwenye ramani, anajua kutofautisha samaki wa Kiriza na wa Bemba kwa kuangalia rangi tu. Sisi tunaoishi juu ya mawe hayo, wengi wetu hatujawahi kumuangalia samaki huyo akiwa hai kwa dakika tano.

Makala hii imeanza kwa swali ambalo vijana wa hapa wanauliza kila mara wanapoona video kwenye telefoni: akwariomu zile za bahari, zenye matumbawe yanayong'aa na samaki wa kila rangi, mutu anaweza kujenga moja nyumbani kwake Kazimia?

Jibu la kweli ni hapana, ao tuseme si kwa mfuko wa mtu wa hapa. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa kila litri. Akwariomu ya litri 200 inahitaji kilo 7 za chumvi maalum kwa kuijaza mara ya kwanza, na chumvi hiyo si ile ya kula. Kila unapobadilisha maji unatia nyingine. Kisha kuna taa kali, kwa sababu tumbawe ni mnyama anayeishi na mimea midogo ndani ya mwili wake, na mimea hiyo bila mwanga inakufa. Kuna pompi za kusukuma maji kama mawimbi, na mashine ya kutoa uchafu kwa povu. Vyote pamoja vinaweza kula wati 200 na zaidi, usiku na mchana. Umeme ukikatika siku moja, kazi ya mwaka mzima inaoza. Na matumbawe yenyewe hayasafirishwi ovyo: matumbawe magumu yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na bahari iliyo karibu zaidi iko mwisho wa reli ya Kigoma na Dar es Salaam, kilometa zaidi ya 1,200.

Lakini swali hilo lina mlango mwingine, na mlango huo uko mbele ya nyumba zetu.

Ziwa lililowadanganya wataalamu

Mwisho wa karne ya 19, Mwingereza J.E.S. Moore alikuja mara mbili kuchunguza ziwa Tanganyika. Alikuta konokono wenye magamba mazito, yenye miiba na mistari kama ya bahari. Alikuta pia kiwavi-maji, yule mdogo anayepitisha mwanga, mviringo kama kifungo cha koti, ambaye wavuvi wetu wanamuona akielea kwa mamia siku ambazo maji yametulia. Moore akaamua kwamba ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari ya zamani uliofungiwa ndani ya bara, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, The Tanganyika Problem. Alikosea. Ziwa halikuwahi kuwa bahari. Ni bonde lililopasuka na kujaa maji, na umri wake unakadiriwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Muda huo mrefu ndio uliofanya viumbe vya maji matamu vifanane na vya bahari. Hata hivyo kosa la Moore halikupotea bure. Samaki aliokusanya walipelekwa London, na mwaka 1898 mtaalamu Boulenger akampa mmoja jina la Tropheus moorii kwa heshima yake. Ukoo wa yule mwenye mkanda wa manjano ndio huo.

Leo tunajua aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo huo mkubwa wanaoitwa siklidi ndani ya ziwa letu, na karibu wote hawapatikani pengine popote duniani. Wabelgiji walifanya uchunguzi mkubwa mwaka 1946 na 1947, na kutoka Uvira mtafiti Georges Marlier alimwandika mwaka 1959 Tropheus duboisi, yule ambaye akiwa mtoto ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota. Kisha miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard akafanya biashara ya kuwatuma hai kwa ndege kutoka Bujumbura. Biashara ikakua. Burundi, Zambia na Tanzania zikawa milango ya kutokea, na sisi wenye karibu asilimia 45 ya ziwa tukabaki na majina ya vijiji kwenye karatasi za bei za watu wengine.

Kwa nini wafugaji wanawapenda hivyo? Kwa sababu akwariomu ya Tanganyika inafanana na ya bahari, mawe mengi, maji meupe, samaki wa rangi wenye tabia, bila gharama ya bahari. Maji ya ziwa ni magumu na yana magadi mengi. Kipimo chake cha pH kiko karibu na 9. Mfugaji wa Ulaya anakaa jikoni akichanganya magadi ya kuokea mikate na chumvi ya manyezi ili maji ya bomba lake yafanane na maji ya Fizi. Wewe unatembea hatua hamsini na bidoni.

Kioo, mawe, na pumzi

Anza na chombo. Fundi wa vioo vya madirisha wa Baraka anaweza kukujengea, lakini usikubali kioo chembamba cha dirisha kwa chombo kikubwa. Kwa chombo cha sentimita 60 urefu, 30 upana na 30 kimo, ambacho ni litri 54, milimita 5 ao 6 zinatosha. Ukienda kwenye mita moja kwa 40 kwa 40, omba milimita 8. Silikoni iwe ile safi ya vioo, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Iache ikauke wiki nzima. Halafu jaza maji nje, uangalie siku mbili kama inavuja. Si mbele ya kuweka kitanda chako karibu nayo.

Uzito watu wanausahau. Chombo hicho cha mita moja, pamoja na maji, mawe na kioo chenyewe, kinapita kilo 200. Meza ya kulia haikibebi. Jenga kiti cha matofali ao mbao nene, na chini ya kioo weka kipande cha godoro jembamba ili kioo kisikae juu ya kokoto.

Mawe chukua ziwani, mahali maji ni safi. Yapange moja kwa moja juu ya kioo cha chini, yashikane vizuri, na mchanga uje baadaye kuyazunguka. Ukianza na mchanga na kuweka mawe juu yake, samaki watachimba, jiwe litaanguka, kioo kitapasuka. Acha mapango mengi. Samaki wa mawe asiye na shimo la kujificha anaishi kwa hofu na kufa mapema.

Maji usichote pale watu wanapofulia. Ingia na pirogi kidogo, mbali na sabuni. Na usitumie maji ya vituo vinavyotia klori kwa ajili ya kipindupindu: klori hiyo inaokoa watoto wetu na inaua samaki. Ukiwa huna mengine, yaache kwenye chombo wazi siku nzima mbele ya kuyatumia. Kipindupindu chenyewe kinatoa sharti lingine. Unapotoa maji kwa tiyo, usivute kwa mdomo. Jaza tiyo maji kwanza, ziba ncha kwa kidole, shusha. Kisha nawa mikono kwa sabuni, na mtoto naye vilevile.

Kinachobaki ni pumzi. Pompi ndogo ya hewa, ya wati 3, inasukuma mapovu ndani ya eponji, na eponji hiyo inachuja uchafu. Hesabu yake ni rahisi: wati 3 kwa saa 24 ni wati-saa 72. Plake ya jua ya wati 50 ikipata jua zuri saa nne inaleta kama 200. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 20, ukiitumia nusu tu ili isife haraka, inashika 120. Usiku unapita na samaki wanapumua. Anayecharji telefoni za watu sokoni tayari ana kila kitu kinachohitajika isipokuwa pompi.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Akwariomu yangu ya kwanza niliijaza asubuhi, na mchana nikatia samaki kumi na wawili. Maji yalikuwa meupe, mawe mazuri, majirani wakaja kuangalia. Siku ya pili nikawapa chakula kingi kwa furaha. Siku ya nne niliamka nikawakuta saba wakielea, na waliobaki wakivuta hewa juu ya maji. Nilidhani mtu ametia sumu. Ilikuwa kweli, na mtu huyo ni mimi.

Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza vinatoa amonia. Ziwani inapotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya kioo inabaki hapo mpaka bakteria waizoee: wa kwanza wanaigeuza nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaigeuza nitrati, ambayo samaki wanaivumilia. Bakteria hao wanakaa kwenye eponji, mchanga na mawe, na wanahitaji wiki nne mpaka sita kuongezeka. Na maji yetu yana mtego wake. Katika maji yenye pH 7, chini ya asilimia moja ya amonia iko katika hali inayoua. Katika pH 9, kwenye joto la digrii 25, ni zaidi ya theluthi moja. Uchafu uleule ambao samaki wa mto angeuvumilia unamuua samaki wa Tanganyika.

Kwa hiyo jaza maji, washa pompi, weka mawe yaliyotoka ziwani yakiwa bado mabichi, kwa maana yanabeba bakteria tayari, kisha tia samaki wawili ao watatu tu. Chakula kidogo, mara moja kwa siku. Ngoja mwezi. Kila wiki toa robo ya maji na kurudisha mapya. Eponji usiioshe kwa sabuni wala kwa maji ya klori. Ikamue ndani ya maji yaleyale uliyotoa kwenye akwariomu, ndio bakteria wabaki. Nani mwenye subira hiyo? Wachache. Lakini bei ya kukosa subira nimekwisha kuisema.

Nani aingie, nani abaki ziwani

Katika litri 54 weka wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Kila jike ana gamba lake, anataga humo na kulilinda hata dhidi ya kidole chako. Ukoo wao una kioja kimoja: kuna aina ambayo dume ana uzito zaidi ya mara kumi ya jike, na anazunguka akikusanya magamba matupu, akiyaiba hata kwa jirani, kwa sababu bila magamba hapati wake. Watoto wa shule wakiona hilo hawataki kuondoka.

Ukiwa na litri 100 na zaidi, kuna wale wembamba wa rangi ya kahawa hafifu wenye mkia kama mwezi, wanaoishi jamaa nzima pamoja. Wakubwa wanataga, na watoto wa uzao uliopita wanabaki nyumbani kulinda wadogo zao. Kwa mwenye kuanza hakuna bora zaidi.

Tropheus mwenyewe, yule wa Kiriza, si wa kuanzia. Anahitaji litri 200 ao zaidi na kundi la kumi na wawili kwenda juu. Wakiwa wanne, mwenye nguvu anawaua wengine mmoja mmoja. Kazi yake ziwani ni kukwangua majani ya kijani kwenye mawe kutwa nzima, na utumbo wake ni mrefu kwa sababu hiyo. Mpe nyama ao ndagala iliyosagwa, tumbo litavimba na atakufa. Jiwe lililoachwa juani ndani ya beseni la maji mpaka liote kijani ni chakula chake kizuri, na hakina bei.

Yule mkubwa wa kilindini mwenye mistari na nundu kichwani mwache. Anapita sentimita 30, na ukimvuta haraka kutoka kina kirefu kibofu chake cha hewa kinavimba. Wazamiaji wa kazi wanampandisha polepole, kwa muda mrefu. Kwa ndoano haiwezekani.

Ukitaka kukuza akwariomu baadaye, kuza maji mbele ya kuongeza samaki. Wafugaji wengi, hapa na kule Ulaya, wanafanya kinyume. Eponji ya pili, batri ya pili, kisha chombo kikubwa, samaki mwisho. Eponji ya zamani ihamishe ndani ya chombo kipya, na mwezi wa kungoja utapungua. Jihadhari na dirisha linalopigwa na jua la saa nane: maji ya ziwa yako kati ya digrii 24 na 28, na yakipita 30 pumzi inapungua ndani ya maji wakati samaki wanaihitaji zaidi.

Mayai kumi mdomoni

Hapa kuna jambo ambalo akwariomu inaonyesha na wavu hauonyeshi. Jike wa Tropheus anataga mayai machache sana, mara nyingi chini ya kumi na tano. Anayaokota mdomoni na kuyabeba kama wiki nne, mpaka watoto watoke wakiwa wamekamilika. Ndagala anataga maelfu na kuyaachia maji. Kwa hiyo mavuno ya ndagala yanaweza kurudi upesi wakipewa nafasi, lakini jiwe likivuliwa Tropheus wake wote halijazi tena haraka. Na hakuna wa kutoka mwambao wa jirani kuja kuziba nafasi: samaki huyu haogelei juu ya mchanga mtupu wala kwenye maji marefu. Ghuba moja ya mchanga inatosha kuwatenga na wenzao kwa maelfu ya miaka, ndiyo maana Kiriza ana mkanda wa manjano na Bemba ana moto. Rangi inayopotea Ubwari haiko pengine ziwani.

Mustikere inayoburutwa pwani haichagui. Inachota watoto wa kila aina pamoja na mayai yaliyo mdomoni mwa mama. Udongo unaoshuka kutoka milima iliyolimwa bila miti unafunika mawe, na miaka ya 1990 watafiti waliochunguza kaskazini ya ziwa walikuta aina chache zaidi za viumbe mahali udongo unapomwagika kwa wingi. Ziwa lenyewe linapata joto: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba chakula cha msingi ndani ya maji kimepungua kama asilimia 20. Nchi za mwambao zimeanza kuzungumza lugha moja juu ya kupumzisha ziwa. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kwa familia ya Kazimia isiyo na shamba, miezi mitatu bila wavu ni njaa, na anayeandika juu ya kulinda samaki bila kusema hilo haishi hapa.

Je, samaki wa mapambo wanaweza kuleta pesa wakati wavu umepumzika? Kwa kuwavua na kuwatuma nje, sioni haraka. Inahitaji vibali, oksijeni ya kujaza mifuko, ndege karibu, na njia isiyokatwa na vita. Faida inabaki kwa mwenye ndege. Kuwazalisha ndani ya vioo ni hesabu tofauti: kundi moja lililotulia linatoa watoto mara nyingi kwa mwaka, na hakuna jiwe linaloguswa tena ziwani. Kuna chuo cha utafiti wa maji Uvira chenye historia ya zaidi ya nusu karne, kuna mafundi wa vioo, kuna plake za jua. Mimi ningeanza na shule moja na ofisi moja ya chama cha wavuvi, litri 100 kila mahali.

Sharti moja kwa atakayejaribu. Andika mahali samaki wako alipotoka. Ukichoka naye, usimtupe ziwani popote unapotaka: wa Uvira asiachiliwe Kazimia, wala wa Kazimia asipelekwe Bemba. Mrudishe kwenye jiwe ulilomtoa, ao mpe jirani mwenye kioo.

Akwariomu yangu ya pili sasa ina wale wa mkia wa mwezi, walianza wawili. Jana usiku nilimulika na tochi ya telefoni, nikahesabu wadogo kumi na tisa karibu na pango, na wakubwa zao wamesimama mbele, vichwa vikielekea kwenye mwanga.